Wazee wale hawakuchanganyikiwa, walilaghaiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu habari mliyoichapa kwenye ukurasa wa kimataifa. Ilihusu wazee wa Uingereza waliopigiwa simu na watu waliojifanya maofisa wa benki, wakaambiwa fedha zao ziko hatarini, wakaelekezwa kuzihamishia kwenye akaunti "salama", na huko zikapotelea. Kichwa cha habari mkaandika: "Wazee wachanganyikiwa, wapoteza akiba." Habari ya Kiingereza mliyoitafsiri nimeisoma pia. Kitenzi kilichotumika mle ni "bamboozle". Mwandishi wenu amekichukua kana kwamba ni "confuse", yaani kuchanganya, akakipa Kiswahili chake na kuendelea na safari.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari za Temeke mpaka nilipostaafu. Siku hizi nakaa kwenye steshenari ya binti yangu hapa Mbagala Rangi Tatu, nawatafsiria watu barua, fomu na mikataba. Kwa hiyo maneno ya namna hii hupita mikononi mwangu yakiwa na pesa za watu ndani yake, na ndiyo maana sikuweza kunyamaza. Kichwa kile cha habari kimemwondoa mwizi kwenye habari ya wizi.

Nianze na kitenzi chenyewe. "Bamboozle" hakisimami bila watu wawili, atendaye na atendwaye. Atendaye anajua anachofanya. Anamvuruga mwenzake makusudi kwa maneno mengi, kwa haraka, kwa tarakimu, kwa karatasi zisizosomeka, kwa vyeo vya uongo, mpaka yule mwingine ashindwe kushika uzi wa mazungumzo, na hapo ndipo anapompata. Kuvuruga ni njia tu. Kinachotafutwa ni fedha, sahihi au ridhaa ambayo mtu asingeitoa kama angepewa nafasi ya kutulia na kufikiri. Ukikiweka kitenzi hiki katika kauli ya kutendwa, bila hata kumtaja aliyetenda, Mwingereza bado anajua kuna mtu nyuma yake.

"Confuse" haliko hivyo. Ramani mbaya inaweza kumchanganya mtu. Barabara mpya inaweza, dawa ya presha inaweza, mapacha wanaofanana wanaweza, na hakuna hata mmoja kati ya hao mwenye nia mbaya. Vivyo hivyo "puzzle" na "baffle": ugonjwa unaweza kuwatatiza madaktari, na ugonjwa hauna hila.

Sasa tazama kilichotokea neno lilipovuka kuja kwetu. Kiswahili chetu kina utajiri wa minyambuliko, na kila mnyambuliko una kazi yake. Ningesoma "walichanganywa" ningeuliza: na nani? Mtu bado yumo, amejificha tu. Lakini "walichanganyikiwa" haliulizi hivyo. Linaeleza hali iliyomo ndani ya kichwa cha mtu. Na hapa Dar es Salaam tunajua neno hilo linakwenda wapi likiachwa peke yake. Anayeongea mwenyewe pale kituo cha daladala tunasema kachanganyikiwa. Aliyeacha kazi na familia akaenda asikojua tunasema kachanganyikiwa. Ni neno la maradhi ya akili, na ndilo mlilowavika wazee walioibiwa.

Kuna mama mmoja jirani yetu, anauza samaki wa kukaanga. Alfajiri yuko Feri kununua, jioni yuko na karai lake barabarani. Alikuwa pia mweka hazina wa kikoba cha akina mama wa mtaa, kwa sababu hesabu zake hazijawahi kupinda. Siku moja uliingia ujumbe kwenye simu yake, umeandikwa vilevile kama zinavyoandikwa meseji za miamala, kwamba amepokea kiasi fulani cha fedha. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ikaita. Kijana analia: mama yangu nimekosea namba, hiyo ni pesa ya hospitali, nirudishie Mungu atakulipa. Alipokuwa bado anamsikiliza huyo, akapigiwa na mwingine mwenye sauti ya kiofisi, anasema ni huduma kwa wateja, muamala wenye utata umeonekana kwenye laini yako, usipourudisha sasa hivi laini itafungwa. Huyu wa pili akamtajia jina lake kamili. Akamwelekeza bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, haraka mama muda unakwisha. Mama karai liko motoni, wateja wamesimama. Akatuma. Kumbe hapakuwa na fedha yoyote iliyoingia; aliyoituma ilikuwa yake mwenyewe, mtaji wa wiki nzima.

Alipokwenda kwa wakala kuomba msaada, swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: "Mama, ulichanganyikiwa nini?" Nyumbani mwanawe, kwa nia njema kabisa, akawaambia ndugu kwamba mama siku hizi amechanganyikiwa, simu yenye pesa abaki nayo yeye. Na baada ya siku chache mama mwenyewe akaenda kwenye kikoba akawaambia wenzake wachague mweka hazina mwingine, kichwa chake hakiko sawa. Alinieleza haya akiwa ameketi kwenye benchi la steshenari yetu, na nilimwambia nilivyoona: kichwa chako kiko sawa, umeshambuliwa na watu wawili kwa mpigo, mmoja akakuvuta kwa huruma na mwingine akakusukuma kwa hofu, na wote wawili walijua wanachofanya. Kiingereza kina kitenzi kinachosema hayo yote kwa neno moja. Ndicho hicho ninachokizungumzia.

Historia ya neno hili inafaa kuelezwa kidogo, maana inathibitisha hoja. Linaonekana katika maandishi ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 18, karibu mwaka 1703, likiwa neno la mitaani jijini London. Mwaka 1710 mwandishi Jonathan Swift aliandika katika jarida la The Tatler akilalamikia maneno mapya yaliyokuwa yakivamia lugha, na "bamboozle" alilitaja kwa jina, pamoja na "banter", yaani utani. Hayakusikia. Yote mawili yanatumika mpaka leo. Kisha Samuel Johnson akaliingiza katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, akionya kwamba ni neno la kihuni lisilotumika katika maandishi safi wala mazito. Lakini ninachotaka mkitazame ni maana alizolipa na mpangilio wake. Ya kwanza ni kudanganya. Ya pili ni kumtumilia mtu hila. Kuchanganya ameliweka mwisho kabisa. Tafsiri yenu imeanza na lile la mwisho, ikayaacha yale mawili ya mbele.

Kuhusu asili yake wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiskoti la kutatiza, wapo wanaolivuta kwenye neno la Kifaransa la kumfanya mtu nyani. Wanafunzi wangu, kila kizazi, waliniuliza kama halitokani na bumbuwazi letu. Niliwajibu kwamba sauti kufanana si ushahidi wa undugu. Na hata kimaana hayakutani: mtu hupigwa na bumbuwazi kwa habari njema au mbaya, kwa msiba au kwa kuitwa jina lake kwenye bahati nasibu. Bumbuwazi halina mlaghai.

Niseme pia jambo ambalo mwandishi wenu anaweza kulitumia kujitetea, na ni haki yake. Kiingereza cha leo kimelilegeza neno hili. Mtu anaweza kusema fomu ya kodi imem-"bamboozle", akimaanisha tu kwamba haielewi. Kwenye kurasa za michezo utakuta winga ame-"bamboozle" beki wa kushoto, na hapo hakuna aliyeibiwa. Sisi tungesema amempiga chenga akamwacha amekaa chini. Hata hivyo angalieni: hata kwenye chenga kuna anayepiga na anayepigwa, na hakuna gazeti la Dar es Salaam litakaloandika kwamba beki wa Yanga alichanganyikiwa bila kumtaja mchezaji wa Simba aliyemtoka. Kwa hiyo mfasiri lazima aangalie neno limekaa wapi. Likiwa limekaa na fomu, "ilimtatiza" linatosha. Likiwa limekaa na mtu aliyejiita ofisa wa benki wakati siye, pamoja na akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya kupokea fedha za wizi, maana ni moja tu.

Na Kiswahili hakina upungufu hapa, tena tumebarikiwa. Tuna kulaghai, kuhadaa, kughilibu, kurubuni, kutapeli. Tuna kuzuga, ambalo vijana wa leo wanalitumia kwa maana ya kujifanya, lakini maana yake ya zamani ni kumpumbaza mtu hata asijue alitendalo. Kila moja lina rangi yake. Kurubuni kuna utamu wa ahadi ndani yake: binti hurubuniwa kwa zawadi, mchezaji hurubuniwa kwa donge la usajili. Kutapeli ni neno la polisi, kavu na la moja kwa moja. Kughilibu kunabeba akili, mtu mmoja amemzidi mwenzake ujanja, na mimi naliona ndilo lililo karibu zaidi na "bamboozle" kwa maana, ingawa limekaa kitabuni zaidi kuliko mtaani.

Rangi ya mtaani nayo isipotee, kwa sababu "bamboozle" lina uchangamfu fulani ambao majaji hawautumii kwenye hukumu zao. Wengine watapendekeza kuingizwa mjini. Ni msemo wetu hasa, umezaliwa kwenye jiji hili. Mimi nisingeutumia kwa wazee wale. Kuingizwa mjini kunamcheka aliyeingizwa. Kunasema ni mshamba, mji haujui. Mzee aliyefanya kazi miaka yote akaweka akiba yake benki si mshamba wa mji wowote. Ningechagua kupigwa changa la macho. Msemo huo una mkono unaorusha mchanga. Hausemi macho yalikuwa mabovu, unasema yalizibwa. Waingereza wana neno jingine, "hoodwink", ambalo asili yake ni kumfunika mtu kichwa na macho kwa kofia, na limefuata njia hiyohiyo. Watu wa lugha mbili tofauti wametazama tendo moja wakaona kitu kimoja: mtu mzima mwenye macho mazuri, na mwingine aliyekuja kuyaziba.

Jambo moja la ufundi kwa vijana wanaotafsiri kwenye chumba chenu cha habari. Waingereza hufuatisha kitenzi hiki na "into" wanapotaka kusema mtu alifanyishwa jambo, na "out of" wanapotaka kusema alinyang'anywa kitu. Nimeona tafsiri nyingi zikihangaika na vijineno hivyo, matokeo yake ni "alilaghaiwa katika kusaini" au "alilaghaiwa nje ya nyumba yake", sentensi ambazo bibi yangu asingezielewa. Msitafute kijineno. Kiswahili kina -ka- ya kusimulia, kazi imeisha: walimlaghai akasaini, walimlaghai wakamchukulia nyumba. Tena hapo mnapata faida ambayo Kiingereza hakina, kwamba kila tendo linabaki na mwenyewe. Nani alilaghai, nani alisaini, nani alichukua, vyote vinaonekana.

Sheria zetu zinaliona jambo hili sawasawa. Kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kujipatia mali kwa udanganyifu, na anayesimamishwa kizimbani ni aliyedanganya. Sijapata kusikia mtu akishitakiwa kwa kuchanganyikiwa. Lakini mtaani tunahukumu kinyume. Wakazi wa Dar es Salaam wa umri wangu wanaikumbuka DECI, ile taasisi ya upatu iliyokuwa na ofisi zake Mabibo na kufungwa mwaka 2009. Watu "walipanda mbegu", yaani walitoa fedha zao, wakingoja "kuvuna" zaidi. Hebu fikirini maneno hayo yalivyochaguliwa, ya shambani na ya kanisani kwa pamoja, maneno ambayo mtu wa kawaida ameyaamini tangu utotoni. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake. Walioitwa wajinga na wenye tamaa huku mitaani, kwa miaka yote hiyo, walikuwa ni waliopanda.

Na leo tunaishi na "ile pesa tuma kwenye namba hii". Ni nani katika mji huu hajapata ujumbe huo? Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa namna hiyo ili namba za matapeli zishughulikiwe. Namba hiyo naiandika kwa kalamu nzito kwenye ukuta wa steshenari yetu, na bado watu wengi wanaofika pale wakiwa wameibiwa hawataki kuitumia. Ukiwauliza sababu, wanaona aibu. Wanasema watachekwa. Mtu aliyeporwa mkoba Kariakoo anapiga kelele za mwizi papo hapo na mtaa mzima unageuka. Aliyeporwa kwa simu anarudi nyumbani kimya, kwa sababu lugha anayoisikia kila siku, redioni, magazetini, nyumbani kwake, inamwambia kwamba kosa lilitokea ndani ya kichwa chake.

Hapo ndipo gazeti linapoingia, Mhariri. Sisemi kwamba mwandishi wenu aliwakusudia mabaya wazee wale. Alikuwa na haraka, kichwa cha habari lazima kiwe kifupi, hilo nalielewa. Lakini hesabuni herufi. "Wachanganyikiwa" lina kumi na tano. "Walaghaiwa" lina kumi. Neno la kweli lilikuwa fupi kuliko neno mlilolitumia, na lingeingia kwenye safu ileile likabakiza nafasi.

Habari ile bado inasomeka kwenye tovuti yenu na kichwa chake hakijabadilishwa. Naomba kisomeke: "Wazee walaghaiwa, waporwa akiba." Na kwenye aya ya pili, mahali panaposema wazee hao "walichanganyikiwa wakahamisha fedha", pasomeke kwamba matapeli waliojifanya maofisa wa benki waliwaghilibu kwa simu wakawahamishisha fedha zao. Mkiweza, wekeni na masahihisho kwenye toleo la karatasi, ukurasa uleule. Jirani yangu muuza samaki husoma magazeti anayonunulia kufungia biashara yake, na husoma kila kipande kabla hajakikunja.

Wako katika kuijenga lugha,

Mwalimu mstaafu,
Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam.